Ufagio wa Mama Sifa na Maji ya Uvunguni

Siku mliyoniaga pale ateliye, karakana yetu, mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru. Ni saa nzuri, inakwenda, na mke wangu ameitundika mahali ambapo siwezi kuikwepa. Lakini mtu aliyetumia maisha yake akitambaa kwa tumbo chini ya sakafu za watu hana haja kubwa ya kujua ni saa ngapi. Nilichokitaka ni mpira wangu wa kupimia maji, na huo nimewaachia ninyi, kwa sababu ni wa kazi na kazi bado iko. Pamoja na mpira nawaachia na kurasa hizi. Mliomba mbili, zimezidi.

Sitaandika nilianza na mshahara gani wala ni lini niliitwa mkubwa wa kundi. Mambo hayo hayajawahi kukausha nyumba ya mtu.

Nilipoingia kazini hapa Kasongo nilikuja na shati jeupe. Nilidhani fundi ujenzi ni mtu wa kusimama juu ya ukuta na mwiko mkononi, watu wakipita wanamsalimu. Aliyenipokea alikuwa Fundi Amisi, mtu mfupi mwenye mabega mapana, aliyeongea kana kwamba kila neno alilinunua sokoni. Aliniangalia kuanzia kola mpaka viatu.

"Ile shati, ni mama yako njo alikupa?"

"Ndiyo, baba, ndiye."

"Basi uivue. Mama yako hana kosa."

Nikaivua, naye akanionyesha tundu katika msingi wa nyumba ya zamani, pana kiasi cha kupitisha mbuzi, akaniambia niingie. Mnazijua nyumba zile: kuta za matofali, sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi, na chini yake uvungu ambao mtu mzima anapita kwa viwiko. Waliozijenga walitaka upepo upite chini, mbao zisioze. Wazo lilikuwa zuri. Ila maji nayo yalipenda kukaa mle, na maji yakishakaa, boriti zinalainika, mchwa wanapata makao, mbu wanazaliana, na harufu inapanda kwenye nyufa mpaka watoto wanakohoa mwaka mzima.

Nilitakiwa kutoka na udongo wa sehemu tatu: wa katikati, wa upande wa mlima, na wa chini ya mlango. Nilitoka na udongo huo na buibui kadhaa ambao hawakuagizwa. Fundi Amisi alifinya kila fungu, akanusa, akaufungua mkono wake taratibu. Fungu moja, lenye maji, lilibaki kama andazi, mawili makavu yakamwagika.

"Maji yote iko na kwao," akasema. "Uliza kwanza kwao ni wapi. Halafu njo uchukue jembe."

Hilo ndilo somo la kwanza, na wengi wenu bado mnaliruka. Mteja akisema kuna maji uvunguni, mnaanza kuchimba siku hiyohiyo kwa kuwa jasho linaonekana na kufikiri hakuonekani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Maji yanaweza kutoka juu ya paa, na hapo dawa ni mfereji wa ukingoni mwa mabati na bomba la kuyapeleka mbali na ukuta, basi, nenda nyumbani. Yanaweza kutoka mlimani, na hapo unayakata njiani kwa mtaro wa mawe upande wa juu wa nyumba. Au yanapanda kutoka ardhini kwenyewe. Ukishindwa kujua, tandika kipande cha plastiki juu ya udongo wa uvunguni, ukigandamize kwa mawe pembeni, ukirudie kesho yake. Kikiloa kwa chini, udongo ndio unaotoa jasho. Kikiloa kwa juu, unyevu unaletwa na hewa, maana yake nyumba haipumui.

Kuhusu kupumua: kila nyumba niliyoitiwa ilikuwa na matundu ya hewa kwenye msingi, na karibu kila moja ilikuwa imeyaziba kwa matofali. Kwa nini? Nyoka. Ukimwambia mwenye nyumba ayafungue, anakuangalia kama wewe ndiye uliyetumwa na nyoka. Msibishane naye. Fungueni, wekeni wavu wa waya, mwonyesheni kwamba hata kidole hakipiti. Nimeona fundi mzuri akifukuzwa kazini kwa sababu alimcheka mama aliyeogopa nyoka. Mama alikuwa na haki ya kuogopa, na fundi hakuwa na haki ya kucheka.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa la kiputo cha hewa ndani ya mpira. Fundi Amisi alinipa mpira ule mwangavu uliojaa maji, mmoja anashika huku, mwingine kule, na maji yenyewe yanawaambia ni wapi juu na wapi chini. Hakuna nivo, pimamaji ya dukani, inayoushinda. Mimi niliujaza haraka, kiputo kidogo kikabaki katikati kikadanganya vipimo, sikukitazama. Tulichimba siku tatu. Fundi Amisi alipita kila siku, akatazama, akaenda zake. Siku ya nne akamwaga bidoni, dumu zima la maji, mdomoni mwa mtaro, nayo yakageuka taratibu, yakarudi moja kwa moja kwenye msingi wa nyumba.

"Leo umeonyesha maji njia ya kurudi kwao," akasema, akaenda kula.

Nilifukia na kuchimba upya kwa mikono yangu, na tangu siku ile sijawahi kupima bila kuugonga mpira mara kumi kwanza, hewa itoke. Watu wa Kasongo walidhani ni uganga. Niliwaacha wadhani.

Mengine niliyojifunza kwake ni haya. Mtaro uende chini kuliko udongo wa uvunguni, la sivyo unapamba ua tu. Usiuegemeze kwenye msingi. Acha hatua nzima. Ushuke kidole kimoja kwa kila mita, bila kuruka. Mawe makubwa chini, madogo juu, na yote yazungushiwe magunia ya mchele yaliyopasuliwa, ili udongo usiingie kuyaziba. Mabomba ya plastiki ni mazuri yakifika mazima, lakini mwenye pikipiki akikuambia yamefika mazima, hesabu vipande kwanza. Na mdomo wa mtaro lazima uone jua. Mtaro usio na mdomo, alikuwa akisema, ni kaburi la maji, na maji hayakubali kukaa kaburini.

Juu ya yote kulikuwa na hili: usichimbe kabla hujasimama kwenye mvua ukayaona maji yakitembea. "Kama haujaloana, haujapima." Alikuwa akisimama uani kwa watu, mvua inampiga, ameshika kofia mkononi ili isiharibike, kichwa chake kikiloa. Wenye nyumba walimtazama dirishani kwa huruma.

Baadaye alistaafu, nikabaki na mpira. Niruhusuni niwape na hadithi ya kokoto, maana inanifedhehesha kidogo tu. Nyumba moja upande wa Wamaza ilihitaji mawe magumu. Mawe ya pale ni mekundu, ukiyaloweka yanalegea na kurudi kuwa matope. Nikakumbuka kule Salamabila wachimba dhahabu wanaponda mawe meupe, na mabaki yao yamerundikana, makali, safi. Nikaagiza. Yalifika kwa pikipiki, gunia baada ya gunia, nikajenga mtaro mzuri kuliko yote niliyowahi kujenga. Mwezi haukuisha. Kijiji kizima kilijua kwamba fundi wa Kasongo amefukia mawe ya Salamabila kuzunguka nyumba, na ni nani anafukia mawe ya Salamabila bila sababu? Nilipoenda kukagua nikakuta mtaro uko wazi kama mfupa, na wamama wawili wenye karai wakichekecha. Waliniamkia vizuri sana. Tangu hapo, hata jiwe likiwa zuri vipi, nauliza kwanza limezaliwa wapi.

Sasa nifike Kabambare, kwa Mama Sifa, kwa sababu nilipokubali kuandika ni yeye niliyekuwa nikimfikiria.

Mama Sifa ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mjane. Nyumba yake ni moja ya zile za zamani zilizoachwa na wazungu wa pamba, mbao chini, veranda mbele, juu ya mteremko mpole. Alikaa humo na mumewe, akazaa humo, akamzika mumewe akitokea humo. Miaka ya kwanza uvungu ulikuwa mkavu hata kuku walitagia mle. Kisha ukaanza kuloa kidogo, kila mvua zaidi ya iliyopita. Watu walisema chemchemi imehama. Wengine walisema ni mkono wa mtu. Mwisho boriti moja ikakatika, ubao ukazama, na mguu wa Mama Sifa ukavunjika juu ya kifundo.

Mwanawe mkubwa, Kitenge, anafanya biashara Salamabila. Alitaka kumchukua mama yake akae naye, na nyumba ivunjwe, mbao nzuri na mabati yauzwe. Ndiye aliyenipokea siku niliyofika na vyombo vyangu vimefungwa nyuma ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope.

"Fundi, miye sina vita na weye," aliniambia uani. "Lakini mama ameshavunjika muguu mu ile nyumba. Sitangoja avunjike kiuno."

Alikuwa anasema kweli. Mama Sifa alikuwa amekaa verandani, mguu juu ya kigoda, fimbo mapajani. Alisikia yote.

"Fundi," akaniita. "Weye uko mutu wa kuhurumia ao wa kutengeneza?"

"Wa kutengeneza, mama."

"Basi tengeneza."

Wakaelewana mbele yangu, mama na mwana. Mvua za kwanza zikianza, zinyeshe siku tatu. Kitenge mwenyewe ataingia uvunguni. Akikuta maji, mama atapanda pikipiki naye bila maneno. Asipokuta, hatamwambia tena habari ya kuhama. Mama Sifa aliitikia kwa kichwa kama anavyoitikia mwalimu kuona hesabu imeandikwa sawa ubaoni.

Ilikuwa katikati ya kiangazi. Jua, vumbi, hakuna wingu. Yaani sikuweza kusimama kwenye mvua. Kanuni ya Fundi Amisi nikaiweka mfukoni nikisema mpira utanitosha. Nilikuwa na umri ambao mtu anajiamini kuliko inavyofaa, na hadithi ya kokoto nilikuwa nimeshaisahau.

Nilipima kila kitu. Upande wa juu palikuwa rahisi: nilikata maji ya mlima kwa mtaro wa mawe. Shida ilikuwa upande wa chini. Ua ulishuka kutoka nyumbani hatua ishirini hivi, kisha ardhi ikapanda tena penye uzio, kilima kirefu kufika kiunoni, kimeota migomba kutoka pembe hadi pembe. Nyumba ilikuwa imekaa ukingoni mwa bakuli. Nilitazama msingi, nikaona matofali ya chini kabisa yamebaki wazi, nikasema ni mvua zimekula udongo. Nilikuwa na majibu ya kila kitu.

Kwa kuwa ardhi ilipanda kule chini, nikaamua maji hayana pa kutokea. Nikachimba shimo kubwa katikati ya ua, kina cha mtu na nusu, nikalijaza mawe, nikaelekeza mitaro yote humo ili ardhi iyanywe polepole. Mnalijua shimo hilo, linafanya kazi vizuri penye mchanga. Pale palikuwa na udongo wa mfinyanzi. Nililijua hilo nikaendelea, nikajiambia nitalifanya kubwa zaidi. Mtaro usio na mdomo. Ningekuwa mwanafunzi wa mtu mwingine ningesema sikufundishwa.

Mwisho wa kiangazi ilikuja mvua moja iliyopotea njia, ya alasiri moja tu. Shimo likajaa kabla haijakatika. Likishajaa, maji yakageuka, yakapanda mitaro ileile niliyoipima kwa mpira wangu, yakaingia uvunguni kwa heshima zote. Niliingia nikakuta yanafika kwenye viwiko. Kabla sijaja, mvua ya namna ile isingeweza kuleta hata nusu yake.

Nilitoka nimeloa mpaka kidevuni. Mama Sifa alikuwa mlangoni.

"Imeingia?"

"Imeingia, mama. Na ni miye njo niliileta."

Akaniambia wali uko tayari, niende nikanawe. Niliona haya kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Angenigombeza ningejisikia vizuri. Nilikula wali wake na sombe yake ya majani ya muhogo nikijua kwamba nimemsogeza mwanamke huyu karibu zaidi na pikipiki ya mwanawe, na kwamba mvua za kweli zimebakiza wiki chache.

Kesho yake asubuhi nilikaa kwenye ngazi ya veranda nikitazama ua, sina wazo hata moja. Mguu wa Mama Sifa ulikuwa umepona kiasi, na alikuwa ameanza kufagia tena mwenyewe, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye ufagio wa chelewa. Alianzia kwenye ngazi, kama kila siku. Nilikuwa nimemwona akifagia hivyo asubuhi nyingi, na kabla mguu wake haujapona nilimwona jirani akimfagilia vilevile.

"Inua miguu, fundi."

Nikainua. Ufagio ukapita chini yangu. Sijui kwa nini siku hiyo niliufuata kwa macho. Ulisukuma majani, vumbi, maganda, majivu ya jikoni yaliyodondoka, ukashuka nayo uani mstari kwa mstari, bila haraka, mpaka kwenye uzio. Pale akainama, akasukuma vyote kwenye mashina ya migomba, akapigapiga kwa ufagio ili vikae.

Nilisimama.

"Mama, unafagia hapa tangu lini?"

"Tangu tuliingia. Kitenge alikuwa mugongoni."

"Na kila siku unatupa pale?"

"Ndiyo, pale kwa migomba. Migomba inapenda."

"Na kile kilima, mulipoingia kilikuwako?"

Akasimamisha ufagio. Akageuka kutazama uzio wake.

"Kilima gani?" akauliza.

Hakuwa amekiona. Kilikua kama mtoto anavyokua ndani ya nyumba yako. Wanaokuja wageni ndio wanasema amekuwa mkubwa. Asubuhi moja, kiganja cha vumbi. Asubuhi nyingine, kiganja. Ufagio ulikuwa umekwangua ua mpaka msingi ukabaki uchi, na udongo uleule ukajengwa kule chini kuwa ukuta wa kuzuia maji. Hakuna chemchemi iliyohama na hakuna mkono wa mtu, ila mkono wa mwanamke msafi. Na mimi, fundi wa Kasongo, nilikuja na mpira wangu nikapima takataka zake nikaziita mlima.

Nilichukua baramina, chuma kile kirefu cha kutobolea, nikakichoma kwenye kilima. Kiliingia kama kidole kwenye ugali. Ardhi ya asili ya pale haikubali chuma bila kugombana nawe. Niliweka baramina chini nikacheka peke yangu, cheko la mtu aliyepigwa kofi akajua amelistahili.

Tulianza kukikata kilima siku hiyohiyo, mimi na vijana wawili wa mtaani. Kwanza nilienda kwa jirani wa bondeni, Baba Asumani, kwa sababu maji ukiyatoa kwako lazima yapite kwa mtu. Alitoka nje amekunja mikono.

"Maji ya Mama Sifa inataka kunitembelea?"

"Itapita tu, baba. Haitalala."

Tukakubaliana nitachimba mtaro kwenye mpaka wake mpaka korongoni, niujenge kwa mawe, na nimtengenezee na daraja dogo la mbao kwa ajili ya mbuzi wake. Daraja la mbuzi lilinichukua nusu siku. Ndilo alilonisifia.

Mkato ulipofika chini, kuta zake mbili zilisimama wazi, na hapo tukaiona nyumba nzima imelala tabaka juu ya tabaka. Majivu ya kijivu, udongo mwekundu, majivu tena. Vipande vya sahani, betri za redio, kandambili, kifuniko cha kalamu. Mama Sifa alikuja na kigoda chake akakaa mbele ya ukuta ule kama mtu anayesoma ubao. Alitaja sahani moja baada ya nyingine, na nani aliyeivunja.

Karibu na katikati palikuwa na tabaka moja tofauti, jembamba, vidole viwili. Udongo mweusi mtupu, mizizi ya nyasi, majani yaliyooza. Hakuna majivu. Hakuna ganda hata moja. Nilidhani ni maji yalipita, nikamuuliza hapa palikuwa na nini.

Alinyoosha fimbo akaligusa kwa ncha.

"Hapa hatukuwako," akasema. "Tulikuwa mu pori. Misimu mbili ya mvua. Vita ilikuwa huku."

Vijana waliacha kuchimba.

"Tuliporudi, nyasi ilikuwa mupaka ku mulango. Ndani hakukuwa kitu, hata chungu. Baba Kitenge akaniambia, tulale, tutaanza kesho. Miye nikakata matawi nikafanya ufagio. Sikupika, sikukaa. Nilifagia kwanza." Alirudisha fimbo mapajani. "Nimeshatoka mu ile nyumba mara moja, fundi. Ile mara moja inanitosha."

Mpaka hapo nilikuwa nadhani ni mzee anayeng'ang'ania mbao zake. Wazee tunang'ang'ania, najua, na mpira huu sikuuachia kwa urahisi. Sasa nilielewa ni kitu gani nilichopewa nitengeneze, nikapata nguvu ambayo sikuwa nayo miaka kumi nyuma. Tulichimba mpaka tukakuta ardhi ya asili. Ilikuwa inashuka. Ilikuwa inashuka muda wote, kutoka nyumbani mpaka korongoni, kama waliojenga walivyoichagua. Niliugonga mpira mara kumi, nikapima: kidole kwa mita na zaidi.

Shimo langu la aibu sikulifukia. Nililigeuza kuwa mahali pa matope kutulia, maji yakaendelea mbele kwa mtaro wa mawe na magunia, yakapita kwenye mkato, yakatokea upande wa pili juani. Kuta za mkato nilizilaza kidogo, nikazipanga mawe zisibomoke. Boriti iliyokatika nikaweka nyingine. Matundu ya hewa nikayafungua, wavu juu yake, na Mama Sifa akajaribu kila tundu kwa kidole kabla ya kuniamini. Siku ya mwisho mawingu yalikuwa yamekaa mlimani.

Mvua zilianza, na hazikuja kwa upole. Siku ya kwanza nilisimama uani nimeshika kofia mkononi, kichwa kikiloa, nikayaona maji yakitembea. Yalishuka, yakaingia kwenye mawe, yakatoka mdomoni mwa mtaro mekundu, kisha yakaanza kuwa meupe. Fundi Amisi alikuwa ameshatutangulia, la sivyo ningempigia simu palepale, mvua inaninyeshea, asikie maji hayo yakitoka.

Siku ya tatu Kitenge alifika na pikipiki mbili. Moja ya mama, nyingine ya godoro na vyombo. Hakuwa na ubaya. Mtu anayempenda mama yake anajiandaa. Alinisalimia, akakunja suruali yake nzuri, akaona haitoshi, akaingia uvunguni nayo hivyohivyo.

Alikaa mle kwa muda. Tulisikia viwiko vyake vikigonga boriti, kutoka veranda mpaka chumba cha nyuma na kurudi. Mama Sifa hakuja kuangalia. Mvua ilikuwa imeacha majani uani, naye alikuwa akifagia.

Kitenge alipotoka alikuwa na vumbi magotini na kwenye nyusi. Mkono mmoja ulikuwa umefumbwa. Hakuna aliyemfundisha kipimo cha Fundi Amisi, lakini alikuja mbele yangu akaufungua, na udongo ukamwagika kati ya vidole mpaka ukaisha. Alitazama mkono mtupu, kisha akamtazama mama yake aliyekuwa ameufikisha ufagio kwenye uzio, ambako sasa palikuwa na mkato na hapakuwa na pa kutupa.

"Mama," akasema, "sasa utatupa wapi?"

Mama Sifa alinyoosha fimbo kuelekea karai lililokuwa ukutani. Nilikuwa nimeshamwambia: takataka ziende juu, shambani kwenye muhogo, zisirudi chini kamwe. Kitenge alilifuata karai, akachuchumaa kwa ile suruali, akazoa majani kwa mikono yake miwili, akalibeba begani akapanda nalo shambani. Wenye pikipiki walisubiri, mwishowe wakaenda kutafuta abiria wengine.

Basi mpira ni wenu. Ugongeni mara kumi. Na mkifika kwa mtu wakati wa kiangazi, msipate mvua ya kusimama ndani yake, kaeni kwenye ngazi asubuhi na mapema, mwangalie ufagio unaishia wapi.

Mama Sifa hunipigia simu kila mvua kubwa ikikatika Kabambare. Simuulizi kama uvungu ni mkavu. Namuuliza kama amefagia, naye ananijibu kwamba ndiyo, amefagia.